Kufuma Majira Yetu: Midoli na Mapambo ya Kroshia katika Nyanda za Juu Kusini



Kila mwaka Pasaka inapokaribia, simu za wafumaji wa Mbeya na Iringa hujaa picha za namna moja: sungura mweupe mwenye masikio marefu na utepe shingoni, kifaranga cha njano ndani ya ganda la yai, mayai yenye rangi za peremende, maua ya tulipu yaliyosimama kwenye vyungu vidogo vya uzi. Ni mapambo ya majira ya kuchipua ya Ulaya na Marekani, majira yanayoanza Machi theluji inapoyeyuka na kuendelea hadi Mei. Kwetu miezi hiyo ndiyo mvua zinapomalizia: mahindi yamekwisha kubeba, na kabla Mei haijaisha ubaridi unaanza kuuma. Mfumaji wa Mwanjelwa au wa Miyomboni huifungua picha, huhesabu vitanzi kama alivyoelekezwa, na mwisho wa kazi anakuwa na sungura safi kabisa. Sina neno na sungura huyo, wala na aliyemfuma. Hakuna fundi aliyejifunza bila kuiga. Ninachokuja kukitetea ni kwamba ufundi huu utawalipa wafumaji wetu, na utakua kama ufundi, siku watakapoanza kufuma majira wanayoyaona kwa macho yao wenyewe, yaani maua, ndege na wanyama wa nyanda hizi, na kuyafuma kwa kufuata kalenda ya mvua na kiangazi ya nyanda hizi. Hoja hii ina wapinzani wenye sababu za maana, nami nitajitahidi kuwajibu. Kwanza, hata hivyo, tuutazame ufundi wenyewe, maana nguvu ya hoja imo humo.

Kroshia ni sindano moja fupi yenye ndoana nchani. Mfumaji huvuta uzi kupitia kitanzi, akapata kitanzi kipya, akavuta tena. Kwa kawaida kitanzi kinachobaki wazi kati ya hatua na hatua ni kimoja tu. Anayefuma sweta kwa sindano mbili huwa na vitanzi 80 au 100 vilivyopangana, na kimoja kikimponyoka kinafumuka mpaka chini. Mwenye kroshia akiitwa na mteja, au mtoto akilia, huitumbukiza kazi mfukoni. Akirudi na kukuta kitanzi kimechomoka, amepoteza hatua moja au mbili tu. Ndiyo maana kazi hii imepatana na maisha ya genge, ya foleni ya kliniki, ya safari ya basi kutoka Makambako kwenda Tukuyu. Tena, kwa sababu ndoana huweza kuingia katika kitanzi chochote na kutoka upande wowote, viwanda mpaka leo havijapata mashine inayofuma kroshia ya kweli. Masweta yalikwisha kuhamia kwenye mashine zamani, na vitambaa vya kusukwa vilitangulia. Lakini kipande cha kroshia, hata kile cha bei ya kutupa kilichovuka bahari, kimepita mikononi mwa mtu. Naomba jambo hili tulishike, maana tutalihitaji tukifika kwenye bei.

Ufumaji uliozoeleka majumbani mwetu ni wa bapa: vitambaa vya makochi, vya stuli, vya meza, pamoja na kofia na soksi za watoto wachanga, ambazo baridi ya Juni na Julai ya Iringa na Mbeya haimruhusu mzazi kuzikosa. Midoli inadai ujuzi mwingine, ujuzi wa umbo. Kichwa cha mdoli huanza na vitanzi 6 ndani ya duara dogo. Mzunguko wa pili huongezwa 6 vikawa 12, wa tatu 18, wa nne 24, na maadamu nyongeza ni 6 kila mzunguko, kazi inalala bapa kama kisahani. Acha kuongeza, ukingo unainuka. Punguza kwa utaratibu uleule, mdomo unafumba na unapata mpira wa kujaza pamba. Ongeza kupita kiasi, ukingo hauna pa kwenda, unajikunja mawimbimawimbi kama jani la kabichi changa. Mwaka 1997 Daina Taimina, mwanahisabati kutoka Latvia aliyekuwa katika Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, alitumia kanuni hiyo ya mwisho kutengeneza umbo la jiometri ambalo wenzake walikuwa wakilibandika kwa vipande vya karatasi vilivyochanika upesi. Alilifuma kwa kroshia, akiongeza vitanzi kwa uwiano usiobadilika, na wanafunzi wakaweza kulishika na kulikunja mikononi. Mwaka 2005 ndugu wawili, Margaret na Christine Wertheim, walianza kutumia mawimbi hayohayo kufuma miamba ya matumbawe, kazi iliyokuja kuonyeshwa katika makumbusho ya nchi nyingi. Nayataja haya kwa sababu moja. Maumbo ambayo kroshia huyafanya kwa wepesi ni ya viumbe hai: petali, jani, sikio, mkia, tumbo. Pembe iliyonyooka ya sanduku humtaabisha mfumaji. Mdomo wa ua la okidi, wenye kingo zilizojikunja, ni nyongeza tu ya vitanzi. Ufundi huu, kwa maumbile yake, unaelekea shambani na mwituni.

Basi tuangalie kilichopo cha kufuma. Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei mwanzoni, na kuchipua kwetu kumo ndani ya msimu huo. Mfano mkuu ni Kitulo, uwanda ulioko kwenye mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, kati ya mikoa ya Njombe na Mbeya, ambao wenyeji wanauita Bustani ya Mungu. Umekuwa hifadhi ya taifa tangu 2005, ukubwa wake ni kilomita za mraba zipatazo 413, na ndani yake zimeorodheshwa aina 350 hivi za mimea, zikiwamo aina 45 za okidi za ardhini. Kuanzia mwisho wa Novemba mpaka Aprili uwanda huo hubadilika rangi wiki hadi wiki. Miezi hiyohiyo ndiyo anapozaliana huko mbayuwayu wa buluu, ndege mdogo mwenye rangi ya chuma kilichong'arishwa na mkia wenye nyuzi mbili ndefu, ambaye mvua zikiisha huelekea maeneo ya Ziwa Victoria na kurudi tena msimu unaofuata. Watu wa Ulaya wana mbayuwayu wao wanayemhesabu kuwa mjumbe wa majira mapya. Sisi tunaye wetu, anakuja na mvua, na kwa mfumaji ni kazi ya nyuzi za buluu iliyokolea, mabawa mawili bapa, na minyororo miwili mirefu ya mkiani.

Mbali na Kitulo kuna ua lililo karibu zaidi na maisha ya watu, nalo ni pareto. Hulimwa Mufindi, Makete na kwenye milima ya Mbeya, na kiwanda chake kiko Mafinga, ambako maua makavu hukamuliwa dawa ya kuulia wadudu. Ni ua jeupe lenye kitovu cha njano, la jamaa moja na yale maua meupe ya majani ambayo vitabu vya kroshia vya Ulaya huyaweka katika ukurasa wa kwanza wa mapambo ya majira ya kuchipua. Mfumaji yeyote aliyewahi kuliiga ua lile la picha tayari anajua kulifuma pareto: kitovu cha vitanzi 6, kisha 12, kwa uzi wa njano, halafu uzi mweupe unaotoka kwa mnyororo mfupi na kurudi juu ya mnyororo huohuo, petali moja baada ya nyingine, mpaka duara litimie. Kinachobadilika ni kidogo: petali ziwe nyembamba zaidi, kitovu kitune badala ya kulala, kikonyo kiwe kirefu. Ili kuyafanya mabadiliko hayo, hata hivyo, lazima ua lenyewe liwe limeshikwa na kutazamwa. Hapo ndipo fundi anapotengana na mwigaji.

Wanyama nao hawakosekani. Mwaka 2003 watafiti waliokuwa wakifanya kazi kwenye miteremko ya Mlima Rungwe, wakifuata masimulizi ya wawindaji wa pale, walimwona kima ambaye sayansi haikuwa imemwandika: kipunji. Alitangazwa duniani 2005, na 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, jenasi ya kwanza mpya ya kima barani Afrika tangu 1923. Waliohesabiwa miaka iliyofuata walikuwa 1,100 hivi, katika misitu ya Rungwe na Kitulo na sehemu moja ya Udzungwa. Ana manyoya marefu ya kahawia, uso mweusi, tumbo jeupejeupe, na utosini nywele zilizosimama wima kama kishungi. Kishungi hicho peke yake ni zawadi kwa mfumaji: vipande vya uzi hufungwa kimoja kimoja kwenye vitanzi vya utosi, kisha huchambuliwa kwa kitana mpaka vifumuke na kusimama. Kwenye ukingo wa Udzungwa, unakopakana mkoa wa Iringa na Morogoro, yupo pia chura wa Kihansi, ambaye jina lake Watanzania wengi wanalijua kwa ubishi wa bungeni na magazetini kuliko kwa sura yake. Ni wa manjano, jike haliwi na urefu wa kufika sentimita 3, na tofauti na vyura wengi anazaa watoto hai badala ya kutaga. Alitangazwa kuwa ametoweka porini mwaka 2009, baada ya maji ya maporomoko yake kuelekezwa kwenye mitambo ya umeme na ugonjwa wa ukungu kumpata. Vizazi vilivyolelewa Marekani vikarudishwa Kihansi kuanzia 2012. Kiumbe anayetosha kwenye kidole gumba, anayezaa watoto wadogo kuliko punje ya mchele, tena aliyerudi nyumbani kwa ndege: sijui ni mtoto gani atakayesikia habari hiyo asitake kumshika.

Mtu atasema kwamba huo ni uzalendo mzuri, ila soko halinunui uzalendo. Ushahidi wa zamani zaidi ninaoweza kuuleta ni wa Ireland. Viazi vilipooza mashambani kuanzia 1845 na njaa ikaua watu kwa mamia ya maelfu, masista katika konventi zao na wake wa wachungaji walianza kufundisha kroshia ili familia zipate fedha ya unga. Huko Clones, kuanzia 1847, kazi hiyo iliongozwa na Cassandra Hand, mke wa kasisi wa pale. Walianza kwa kuiga lesi ya Venice, ambayo wakati huo ndiyo iliyokuwa na jina. Lakini kroshia ya Ireland haikupata sifa yake kwa kuwa nakala ya bei nafuu ya Venice. Ilipata sifa pale wafumaji walipoijaza waridi na yale majani matatu ya shemuroki yaliyokuwa yakiota kwenye vijia vyao, wakayafuma yakiwa yametuna, yakisimama juu ya wavu mwembamba. Wanunuzi wa Paris na London wakawa wanaitafuta kwa jina la nchi yake. Sitaki kuipamba habari hii. Mitindo ya mavazi ilipobadilika na lesi ya viwandani ilipozidi, biashara ile ilinywea, na madalali wengi walikuwa wamekwisha kula sehemu nono. Hata hivyo, katika miaka yake mizuri ni ua la kwao lililoitofautisha na kazi ya kila mtu mwingine.

Karibu zaidi, Iringa yenyewe ina somo lake. Vikapu vya milulu vinavyosukwa na wanawake wa Iringa vinaitwa vikapu vya Iringa popote vinapouzwa, Dar es Salaam au ng'ambo, kwa sababu mmea wake, msuko wake na umbo lake havikuazimwa kwenye picha ya mtu. Tazameni pia Neema Crafts, karakana ya watu wenye ulemavu iliyoanzishwa mjini Iringa mwaka 2003 na Susie Hart chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana. Ilianza na kikundi kidogo cha vijana viziwi waliotengeneza karatasi, na karatasi iliyoipa jina ni ile ya kinyesi cha tembo. Karatasi iko kila duka. Karatasi iliyopita tumboni mwa tembo wa nyanda hizi haiko kila duka, na mgeni aliyetoka Hifadhi ya Ruaha ana sababu ya kuinunua Iringa badala ya kungoja afike kwao. Kazi ile inaeleza hoja yangu kuliko ninavyoweza kuieleza kwa maneno.

Nije sasa kwa wapinzani. Wa kwanza anasema: mteja anataka sungura na kifaranga, watoto wanawapenda, kwa nini tuwafukuze? Namkubalia nusu. Sungura hana haja ya kufukuzwa, maana ni wetu tangu zamani. Ndiye mjanja wa ngano, anayemzidi akili fisi na kumchezea simba. Kasoro ya yule sungura wa picha ni kwamba hana hadithi yoyote ambayo mtoto wa Kalenga au wa Rungwe anaijua. Mfume sungura wa rangi ya majani makavu, mwenye macho ya ujanja, mwekee fisi mwenye miguu mifupi ya nyuma, na watoto wawili watacheza ngano nzima bila kufundishwa. Kifaranga vilevile: kile cha njano ni cha mashine ya kutotolea, ilhali vifaranga vya kuku wa kienyeji vina mistari ya kahawia mgongoni, vingine vyeusi, vingine madoadoa, na mama yao ana shingo isiyo na manyoya au ana kishungi. Kuna pia suala la haki. Maelekezo mengi yanayozunguka kwenye simu yana mtu aliyeyabuni, na kuyauza tena kama yako ni kosa kwa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999. Mfumaji aliyebuni kipunji wake haogopi kuulizwa na yeyote, na yeye mwenyewe anaweza kukimbilia ofisi ya hakimiliki, COSOTA, akiibiwa.

Mpinzani wa pili ana uzito zaidi. Anasema mama wa Ilembo au wa Kilolo anatafuta ada na mbolea, na kumzungumzia midoli na maua ya uzi ni kumcheza shere. Kwamba midoli ni kitu kidogo, sikatai. Nakataa kwamba udogo wake unaifanya isiwe na maana. Mtoto wa Mbeya mjini anamtambua dubu, mnyama ambaye hayuko msitu wowote wa nchi hii, kwa sababu amelala naye kitandani tangu utotoni. Kipunji, aliyeko mlimani juu ya mji wa Tukuyu, hamjui. Kutojua huko kuna gharama. Okidi za nyanda hizi zilichimbwa kwa mamilioni na kupelekwa Zambia, ambako viazi vyake hupikwa chakula kiitwacho chikanda, na uchimbaji huo ni mojawapo ya sababu zilizofanya Kitulo ilindwe. Sitadai kwamba mdoli unaokoa msitu. Msitu unaokolewa na askari wa hifadhi, na wanakijiji wenye kuni mbadala, na sheria inayotekelezwa. Lakini hakuna anayetetea kitu asichoweza hata kukitaja, na utajaji wa kwanza wa mtoto hufanyika mikononi. Kuhusu ada na mbolea, jibu liko katika kalenda na bei, na hapo nataka tukae kidogo.

Pasaka huangukia kati ya Machi 22 na Aprili 25. Duka la Ulaya linalotaka mapambo ya Pasaka linayahitaji rafuni wiki nyingi kabla, na kwa hiyo mzigo unapaswa kuondoka kwetu mapema mno katika mwaka. Ukihesabu nyuma, miezi ya kufuma kwa haraka inakuwa Novemba, Desemba na Januari. Kwenye nyanda hizi hakuna miezi mibaya zaidi ya kumwomba mwanamke muda: ndiyo ya kupanda, ya kupalilia, ya kuweka mbolea, na maghala mengi yanaelekea kuwa matupu. Mfumaji anayekubali oda ya haraka katika majira hayo atalifuma ua huku magugu yanamla mahindi, au atampa binti yake kazi hiyo na daftari lifungwe. Kila mpango wa kuwainua wanawake kwa kazi za mikono unaosahau jembe humwongezea mwanamke siku ya pili juu ya ile aliyonayo. Namshukuru mpinzani anayelisema hili, kwa sababu ndilo linaloweza kuiua kazi yote.

Kroshia ina jibu ambalo kilimo cha maua au cha parachichi hakina: haiozi. Miezi ya nyanda hizi yenye nafasi ni Juni mpaka Oktoba, mahindi yakiwa yanakauka au yamekwisha kupukuchuliwa, jioni ni ndefu na baridi inawakalisha watu karibu na jiko. Hapo ndipo masika ya uzi yanapopaswa kufumwa, nusu mwaka kabla ya masika yenyewe, na kuwekwa kwenye magunia makavu penye mwarobaini au tumbaku ya kufukuza nondo. Kalenda hii ina faida ya pili ambayo haionekani upesi. Agosti 8 ni Nane Nane, na maonyesho ya kanda hufanyika Mbeya katika viwanja vya John Mwakangale. Umati wa namna ile haukusanyiki mara mbili kwa mwaka. Wageni wa Ruaha nao huja wengi kati ya Juni na Oktoba, wanyama wanapokusanyika mtoni. Watu hao wanaikuta nchi ya nyasi za rangi ya simba na mibuyu isiyo na jani. Maua ya Kitulo hawatayaona, mbayuwayu bado yuko ziwani, pareto wameisikia tu. Mapambo ya msimu yana thamani kubwa kwa mtu aliyeukosa msimu wenyewe, na huyo ndiye mteja anayepita Iringa kila asubuhi ya kiangazi akielekea hifadhini.

Bei sasa. Tuseme kipunji mmoja anamchukua mfumaji mzoefu saa 6, na uzi, pamba ya kujazia na vikorokoro vingine ni shilingi 4,000. Akimuuza 10,000, saa moja ya kazi yake imelipwa shilingi 1,000, na huo si ujira wa kumsomesha mtoto. Akimuuza 25,000, saa imelipwa 3,500, na mazungumzo yanaanza. Mpinzani wa tatu atasimama hapa: nani atatoa 25,000 wakati dubu wa mitumba, laini na mkubwa, anapatikana mnadani kwa pesa ya soda chache? Kwa sungura wa picha, jibu ni kwamba hakuna atakayetoa, wala hapaswi. Sungura yule anashindana na dubu wa mitumba upande mmoja, na upande mwingine na mikono ya wafumaji wa dunia nzima waliofungua picha ileile. Kwa kuwa hakuna mashine, ushindani wa kroshia ni wa mkono kwa mkono, na mkono unaolipwa kidogo kuliko wote ndio unaoshinda kitu kinapofanana. Njia ya kutoka kwenye mbio hizo ni kuwa na kitu ambacho mikono ile mingine haikijui. Kipunji mwenye kishungi sahihi, uso mweusi usio na tabasamu la katuni, na ncha ya mkia iliyofifia, hayuko mnadani. Mwenye kumtaka atakuja kwa aliyemtazama.

Lakini upekee hauwezi kufunika kazi mbovu, na niseme wazi kwamba kazi nyingi tunazoziona sokoni bado ni legelege. Vitanzi vikiwa vipana, pamba inachungulia na mdoli unavimba baada ya kufuliwa mara moja. Sindano iwe ndogo kuliko inayopendekezwa kwa uzi ule, vitanzi vibane mpaka kidole kisipenye. Uzi mwekundu uloweke kwanza kwenye maji ya uvuguvugu uone kama unachuja rangi. Macho ya shanga au ya plastiki yanafaa pambo la rafuni. Mdoli wa mtoto wa chini ya miaka 3 unapaswa kudariziwa macho kwa uzi, kwani shanga ikikatika itaishia kooni. Ulaya jambo hili ni la sheria: kichezeo hakiruhusiwi sokoni kwao bila alama ya CE, na alama hiyo inadai kuthibitisha usalama kwa namna ambayo kikundi kidogo cha Mufindi hakiwezi kuimudu mara moja. Pambo la kuning'iniza dirishani halihesabiwi kuwa kichezeo, mradi halikutengenezwa wala kuuzwa kama kitu cha kuchezea. Kwa hiyo mpangilio wa busara ni kuyatuma nje maua, vigwe na ndege wa kuning'iniza, na midoli iuzwe kwanza hapa nchini, kwa wazazi wa hapa, ambao kwa hakika ndio ningependa wawe wateja wa kwanza hata kama sheria ile isingekuwapo.

Kuna bidhaa moja zaidi ambayo wafumaji wetu hawajaizoea, nayo ni maelekezo yenyewe. Aliyebuni mbayuwayu wa Kitulo anaweza kuandika mzunguko kwa mzunguko jinsi alivyomfuma, akachora mchoro, akapiga picha, na kuuza karatasi hiyo kwa mfumaji wa Ujerumani au Japani anayependa kufuma mwenyewe. Karatasi haina nauli ya ndege, haihitaji alama ya CE, haigombani na msimu wa palizi, na ikiuzwa leo inaweza kuuzwa tena kesho. Kwa hapa nyumbani karatasi hiyohiyo kwa Kiswahili ingewafaa walimu wa kazi za mikono, ambao wanahitaji kazi yenye vifaa vya bei ndogo: sindano moja, kibonge cha uzi, na kitu cha kutazama. SIDO, iliyoundwa 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, na vyuo vya ufundi vya VETA vina watu wanaojua kupanga gharama na kuandika hatua za kazi. Wafumaji wanajua vitanzi. Kazi ya kwanza ya pamoja ningeipendekeza iwe ua la pareto, kwa kuwa ni rahisi, halihitaji macho wala pamba, na mkulima wa Makete au wa Mufindi ataona mara moja kama petali zimekosewa, na atamwambia fundi palipokosewa.